Muhuri wa Jimbo Juu ya Dua

Tarehe 21 Aprili 2011, gavana wa Texas, Rick Perry, alitia saini karatasi yenye muhuri wa jimbo lake. Ilikwenda kama ziendavyo karatasi zote za aina hiyo, kwa mlolongo wa "kwa kuwa". Kwa kuwa Texas imo katika ukame usio wa kawaida. Kwa kuwa sehemu nyingine hazijapata mvua ya maana kwa karibu miezi mitatu. Kwa kuwa moto wa porini unateketeza nyumba na malisho. Kwa kuwa watu wa Texas, tangu zamani, wametiwa nguvu na maombi. Mwisho ikaja "kwa hiyo basi", na gavana akatangaza siku tatu, tarehe 22 hadi 24, kuwa Siku za Kuombea Mvua, akiwasihi watu wa imani zote washiriki. Aliyekuwa na kalenda ukutani aliona jambo ambalo karatasi haikulisema: tarehe 22 ilikuwa Ijumaa Kuu, na tarehe 24 ilikuwa Pasaka.

Mvua haikuja. Texas iliingia katika ukame mkali kuliko wowote uliowahi kupimwa kwa mwaka mmoja, na Septemba moto ulizuka wilaya ya Bastrop, karibu na Austin, ukaunguza nyumba zaidi ya 1,600.

Wapo walioicheka karatasi ile kwa sababu hiyo. Mimi simo. Anayeomba mvua asipoipata hajashindwa kesi, na anayepima dua kwa kipimo cha mvua hajui watu huomba kwa nini. Wazee wetu wa pwani waliotoka uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua hawakurudi nyumbani wakiwa na hasira na mbingu kwa kuwa jua liliwaka kesho yake. Kinachonishughulisha ni ile karatasi yenyewe. Watu wa Texas walikuwa na makanisa, misikiti, masinagogi na mahekalu ya kuombea mvua bila ruhusa ya mtu. Muhuri wa jimbo uliongeza nini?

Kwanza tuielewe karatasi, maana msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuipa uzito isiokuwa nao. Kwetu, tamko la serikali ni kitu cha kumwamsha mtendaji wa kata usingizini. Matangazo haya ya magavana wa Marekani yako karibu zaidi na cheti cha pongezi. Gavana mmoja hutoa mamia kwa mwaka: wiki ya wauguzi, mwezi wa kuielewa saratani fulani, siku ya timu iliyotwaa ubingwa. Mara nyingi gavana hata haandiki. Chama, shule au kanisa hupeleka ombi ofisini kwake pamoja na rasimu, wasaidizi wanaipitia, na baada ya muda inatoka karatasi nzuri ya kuwekwa kwenye fremu. Haina amri, haina faini, haina fungu katika bajeti. Dini nayo imo katika mkondo huohuo. Alhamisi ya kwanza ya Mei ni Siku ya Taifa ya Maombi, kwa sheria ya mwaka 1952 iliyorekebishwa mwaka 1988, na magavana hutoa matangazo yao sambamba na la rais. Wala si Wakristo peke yao wanaopata. Oktoba 2021 majimbo kadhaa, Texas miongoni mwao, yaliutangaza mwezi ule kuwa Mwezi wa Urithi wa Wahindu.

Wanaoyatetea wana hoja nzito, na yenye nguvu zaidi iko kwenye tarehe. Gavana wa Louisiana, Kathleen Blanco, aliitangaza tarehe 31 Agosti 2005 kuwa siku ya maombi. New Orleans ilikuwa chini ya maji ya kimbunga Katrina. Magavana kadhaa wa majimbo ya Ghuba ya Mexico waliitangaza tarehe 27 Juni 2010 kuwa siku ya maombi, mafuta ya kisima cha kampuni ya BP yakiendelea kumwagika baharini kwa mwezi wa tatu. Tarehe 3 Septemba 2017 ilikuwa Texas tena, baada ya kimbunga Harvey. Julai 2020, John Bel Edwards wa Louisiana, Mkatoliki wa chama cha Democratic, aliwaomba watu wa jimbo lake siku tatu za maombi na kufunga chakula cha mchana, wagonjwa wa korona wakizidi kuongezeka. Anayedhani jambo hili ni la chama kimoja aitazame orodha hiyo upya.

Katika saa kama hizo gavana ameshatuma helikopta, ameshaomba fedha Washington, ameshasimama mbele ya kamera mpaka sauti imemkauka. Kilichobaki ni kuwaambia watu kitu wanachokiamini wao wenyewe. Kumwambia asilitaje jina la Mungu siku hiyo ni kumtaka azungumze na waliofiwa kwa lugha isiyo yao. Jaji William Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliandika mwaka 1952 kwamba Wamarekani ni watu wa dini, na kwamba taasisi zao zimejengwa juu ya imani kuwa yupo Mwenyezi. Mtanzania akisikia maneno hayo atakumbuka msemo tuliolelewa nao, kwamba serikali haina dini ila watu wake wana dini. Na hatukuishia kwenye msemo. Aprili 2020 Rais Magufuli aliitisha siku tatu za maombi dhidi ya korona, na tarehe 14 Februari 2023 Wakenya waliitwa na Rais Ruto kuomba mvua.

Lakini angalia tofauti moja ndogo. Maombi yetu ya kitaifa huandaliwa kama harusi ya makabila mawili: shehe anasoma dua, askofu anafuata, mchungaji wa walokole anapewa dakika zake (anazizidisha), na mzee wa Kihindu yupo mstari wa mbele. Tatizo la nani amesahaulika linatatuliwa kwa viti. Karatasi haina viti. Ina maneno tu, na mwandishi wake lazima achague Mungu atatajwa kwa jina gani, aya itoke kitabu gani, na hao "sisi" wanaoomba ni akina nani.

Katika hili hakuna kisa kinachofundisha kuliko cha Carolina Kusini. Mwaka 1844 gavana James Henry Hammond alitangaza siku ya shukrani na kuwaalika raia wote kumwabudu Mungu Muumba "na Mwanawe Yesu Kristo, Mkombozi wa ulimwengu". Charleston wakati huo ilikuwa na jumuiya kongwe ya Wayahudi, watu waliokuwa na maduka, waliolipa kodi, ambao baba zao walipigana vita vya uhuru. Zaidi ya mia moja kati yao walimwandikia barua ya malalamiko. Kuteleza kwa kalamu kulikuwa na dawa rahisi: mistari miwili ya kusema samahani, nilisahau. Hammond alijibu kwamba siku zote alidhani ni jambo lililokwisha kuamuliwa kwamba anaishi katika nchi ya Kikristo, na kwamba yeye ni mtawala mkuu wa muda wa watu wa Kikristo. Hakusahau mtu. Alikuwa anawaambia nyumba hii ni ya nani, na wao ni wageni.

Hammond huyo alimiliki mamia ya watumwa na kuutetea utumwa kwa kalamu na kwa mdomo mpaka Senetini. Nalitaja kwa sababu lina uhusiano. Mtu aliyezoea kupanga binadamu kwa ngazi hakuona ajabu kuzipanga ibada zao vilevile. Aliyemfuata, William Aiken, alitoa tangazo lisilomtenga mtu, na jimbo halikuzama.

Thomas Jefferson naye amekalia pande zote mbili za meza hii. Mwaka 1779, akiwa gavana wa Virginia, alitoa tangazo la siku ya shukrani na maombi kwa ombi la Bunge la makoloni, na maandishi yake yalitaja nuru ya injili na Mkombozi. Watetezi hulitaja sana. Alipokuwa rais alikataa katakata kutoa la aina hiyo, na mwaka 1808 alimweleza sababu mchungaji mmoja kwa barua. Mimi naona barua hiyo ndiyo hoja bora kabisa ya upande wa pili, kwa sababu inakijibu hasa kile watetezi wanachokiegemea, kwamba karatasi hailazimishi mtu. Jefferson alisema pendekezo la mtawala haliwi pendekezo tupu. Lina mamlaka kidogo ndani yake, na asiyelifuata hupata adhabu; hatozwi faini wala hafungwi, bali hutengwa kidogo machoni pa watu.

Aliyewahi kuwa mtoto pekee wa dini tofauti darasani anaijua adhabu hiyo. Mwalimu anasema, "Tusimame tuombe." Hakuna aliyekulazimisha. Umesimama, umefumba macho, unasikiliza maneno ambayo nyumbani kwenu hayasemwi, na unajua kwamba ukibaki umekaa utaulizwa maswali wakati wa mapumziko.

Mahakama zimelipokeaje hilo? Kwa kulikwepa. Nasema hivyo bila dharau, kwa sababu ukwepaji wenyewe una mantiki yake. Mwaka 2010 Jaji Barbara Crabb wa Wisconsin aliamua kwamba sheria ya Siku ya Taifa ya Maombi inavunja Katiba. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani iliufuta uamuzi huo. Jaji Frank Easterbrook alieleza kwamba rais akiwaomba wananchi waombe, hakuna anayelazimika kuomba, kama ambavyo hakuna angelazimika kutoa pesa rais akiwaomba walichangie Shirika la Msalaba Mwekundu. Walioshtaki, shirika la wasioamini liitwalo Freedom From Religion Foundation, hawakuwa wamedhurika kwa namna ambayo sheria inaitambua. Kukerwa si kudhurika.

Shirika hilohilo liliwashtaki magavana pia. Huko Colorado kesi ilihusu matangazo sita ya kuanzia 2004 hadi 2009. Mwaka 2012 mahakama ya rufani ya jimbo iliwapa ushindi, ikisema katiba ya Colorado inakataza kupendelea dini. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Colorado ikawanyang'anya: fedha za walipa kodi zilizotumika kwa karatasi na wino zilikuwa ndogo mno kuhesabika, na maumivu ya moyoni hayatoshi kumfungulia mtu mlango wa mahakama. Arizona nako mashtaka dhidi ya gavana Jan Brewer yaligonga ukuta uleule. Perry alishtakiwa mwaka 2011 kwa siku nyingine ya maombi na kufunga, iliyofuatana na mkutano wa kidini wa makumi elfu ya watu katika uwanja wa mpira Houston tarehe 6 Agosti, akiwa mbioni kutangaza kwamba anataka urais. Jibu la mahakama lilikuwa lile lile.

Hapo pana kitendawili ambacho sijaona kikiteguliwa vizuri na upande wowote. Karatasi inaokoka mahakamani kwa sababu haina uzito: haimwamuru mtu, haimgharimu mtu, haimdhuru mtu. Sasa kama haina uzito, kwa nini inatafutwa kwa bidii kiasi kile? Kesi ya Colorado ilionyesha mambo yanavyokwenda. Kamati ya Kiinjili iliyokuwa ikiongozwa na Shirley Dobson iliwaandikia magavana kila mwaka kuwaomba watoe tangazo, ikiwapa kaulimbiu ya mwaka na aya ya Biblia ya kuambatana nayo, na matangazo ya jimbo yalitoka yakibeba hizo kaulimbiu au aya. Watu hawaandiki barua hamsini kila mwaka kutafuta kitu kisicho na thamani. Wanajua muhuri una nguvu. Na wanaopinga, wanaotumia miaka sita mahakamani kwa ajili ya cheti cha fremu, nao wanajua. Majaji peke yao ndio wanaosema ni karatasi tu.

Kwa hiyo namna neno lilivyoandikwa ni muhimu kuliko kama neno "Mungu" limo au halimo, na hapa ndipo mimi nasimama. Tangazo la mafuriko au ukame linalowaita watu kuomba "kila mmoja kwa imani yake", na linaloacha nafasi kwa asiyeomba ashike koleo au achangie damu, siwezi kulipigia kelele. Linafanya kazi ya rambirambi. Ila yapo mengine. Gavana George W. Bush alilitangaza tarehe 10 Juni 2000, akiwa anawania urais, kuwa Siku ya Yesu katika Texas. Maandishi yalidai kwamba watu wa dini zote duniani wanamtambua Yesu Kristo kuwa mfano wa upendo, huruma na kujitoa. Nia ilikuwa njema: liliwahimiza watu kuwahudumia wahitaji. Mwislamu angesema sawa, Nabii Isa tunamheshimu, kisha angejiuliza kwa nini jimbo linamsemea. Myahudi wa Houston angejiuliza hivyohivyo, bila ule utangulizi wa "sawa".

Mwaka 2016 gavana Terry Branstad wa Iowa alitia saini lingine, la kuunga mkono usomaji wa Biblia kwa mfululizo mbele ya mahakama za wilaya zote 99 za jimbo. Liliwahimiza watu binafsi na familia kuisoma Biblia kila siku, mwaka hadi mwaka, "mpaka Bwana atakapokuja". Nimesoma nyaraka nyingi za serikali, za kwetu na za wengine, sijaona nyingine yenye tarehe ya mwisho ya namna hiyo. Lile lilikuwa hubiri. Lingesomwa madhabahuni lingependeza.

Na waliokuwa wa kwanza kukataa hubiri la namna hiyo walikuwa wahubiri. Hili husahaulika, kwa sababu mzozo huwasilishwa kama ugomvi wa waumini na makafiri. Roger Williams, aliyeanzisha Rhode Island, alikuwa mchungaji, na mwaka 1644 aliandika juu ya ukuta unaoitenga bustani ya kanisa na nyika ya dunia. Alichokihofia ni magugu ya nyika kuingia bustanini. Wabaptisti wa Danbury waliomwandikia Jefferson waliishi Connecticut, ambako kanisa la Congregational lilikuwa kanisa la serikali hadi 1818 na gavana alitangaza kila mwaka siku yake ya kufunga na siku yake ya shukrani. Walilalamika kwamba uhuru wao wa kuabudu ulichukuliwa kama hisani waliyopewa, badala ya haki waliyozaliwa nayo. Hao walikuwa watu wa maombi haswa. Hawakutaka kuitwa kwenye maombi na ofisi ya gavana.

Siku za kufunga za New England zilikwenda wapi? Massachusetts ilikuwa na siku ya kufunga kwa tangazo la gavana tangu enzi za ukoloni. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 tangazo lilikuwa linatoka kama kawaida, maduka yanafungwa kama kawaida, na watu wanakwenda kwenye michezo na matembezi wakiwa wameshiba. Mwaka 1894 gavana Frederic Greenhalge aliifuta, na nafasi yake ikachukuliwa na Siku ya Wazalendo. New Hampshire iliendelea kuwa na sikukuu rasmi ya kufunga hadi mwaka 1991, miongo mingi baada ya tumbo la mwisho kunguruma kwa ajili yake. Muhuri ulidumu kuliko ibada.

Kuna lawama nyingine inayotolewa kwa magavana hawa, kwamba dua ni njia ya kukwepa kazi. Wakati mwingine ni uonevu. Tarehe 13 Novemba 2007, Sonny Perdue wa Georgia alisimama kwenye ngazi za jengo la bunge mjini Atlanta pamoja na wachungaji, kwaya na watu wapatao 250, akasema wamekuja kwa jambo moja tu, kuomba kwa heshima na unyenyekevu mpaka dhoruba ije. Kando yao walisimama wapinzani wachache na mabango. Ziwa Lanier, linaloinywesha Atlanta, lilikuwa limekauka kiasi cha kuonyesha tope jekundu kingoni. Gazeti baada ya gazeti lilimfanyia mzaha. Lakini Perdue alikuwa ameshatangaza hali ya hatari katika wilaya 85 mwezi uliotangulia, alikuwa ameshamwomba rais msaada, na alikuwa anapambana kortini na kikosi cha wahandisi wa jeshi kuhusu maji yanayofunguliwa kutoka ziwani humo. Mkulima anayeomba akiwa na jembe mkononi humwiti mvivu. Mvua ilinyesha kidogo wiki ileile. Ukame wenyewe uliendelea mpaka 2009.

Wakati mwingine lawama inashika. Mwaka 2016 gavana Mary Fallin wa Oklahoma alitangaza tarehe 13 Oktoba kuwa Siku ya Kuombea Sekta ya Mafuta. Bei ilikuwa imeporomoka tangu 2014 na watu wengi walikuwa wamepoteza kazi, kwa hiyo huzuni ilikuwa ya kweli. Rasimu ya kwanza iliwataja Wakristo. Yakaibuka makelele, ofisi ikakaa chini ikairekebisha, na toleo la pili likawakaribisha watu wa imani zote. Waliokuwa wakilalamikia upendeleo wa dini walikuwa wamepata walichokitaka, kwa kubadilisha maneno machache.

Karibu wiki sita kabla ya siku hiyo, tarehe 3 Septemba, tetemeko la nguvu ya 5.8, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Oklahoma, lilikuwa limepasua kuta za matofali katika mji wa Pawnee. Wasimamizi wa jimbo waliamuru visima kadhaa vya kumwagia majitaka ya sekta hiyo ya mafuta vifungwe, kwa sababu vilihusishwa na matetemeko. Mtu wa Pawnee aliyekuwa akiokota matofali ya ukuta wake naye huenda alikuwa na la kuomba mwezi ule. Hilo halikuandikiwa "kwa kuwa".